Pikapu Inapolia Ti-Ti-Ti: Isikilize Kabla ya Kuifungua

Ndugu mkulima, kama unayo pikapu ya kubebea maziwa au viazi, yafaa usome habari hii, hata kama leo injini yako haina neno. Siku moja utaiwasha alfajiri nayo itaanza kulia ti-ti-ti-ti, kama saa ya ukutani iliyoshikwa na haraka. Ukikanyaga mafuta, mlio utakwenda mbio. Ukiachilia, utapunguza mwendo. Gari litapanda vilima vyake kama kawaida, kwa hiyo wiki ya kwanza utajiambia ni kitu kidogo. Wiki ya tatu jirani atakuambia injini imekwisha, na fundi wa sokoni atakuambia ulete pesa aifungue yote.

Usikubali bado. Mlio huo una sababu nyingi. Nyingine hutibiwa kwa lita moja ya oili. Nyingine huweza kuua injini kwa safari moja tu. Tena iko moja ambayo injini haiidhuru sana, bali huwadhuru watu waliokaa ndani ya gari. Mtu akisikiliza kwa haraka, zote hulia namna moja. Kazi ni kuzitenganisha, na kazi hiyo haitaki pesa nyingi. Yataka sikio, daftari, na asubuhi mbili tatu za utulivu.

Mimi si fundi. Nilisomea ualimu, na sasa ni karani wa ofisi ya kilimo, lakini kwa miaka kadhaa nimeandika daftari la magari ya ofisi, yaani oili imetiwa lini, mafundi wamefanya nini, na kwa sababu gani. Karani akiandika mambo hayo kila mwezi, mwishowe hujifunza. Watu wa mashambani wananiita Mwalimu mpaka leo, na ndivyo mzee mmoja wa skimu ya Kinangop Kusini alivyoniita aliponijia na shauri lake.

Mzee huyo ana Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya petroli ya aina ya 22R. Wengi wenu mnaijua injini hiyo. Toyota waliitengeneza tangu mwaka 1981 hadi miaka ya 1990, ina silinda nne na vali nane, na ukiitunza ni ngumu kufa. Kila alfajiri mzee hukusanya maziwa yake na ya majirani, akayapeleka kwenye mtambo wa kupoza, halafu akamshusha mjukuu wake shuleni. Siku za soko hubeba kabeji na viazi kupitia Njabini hadi Flyover. Baba yake alipopewa shamba, maziwa yalibebwa na punda. Leo punda hawatoshi, na maziwa yakichelewa hukataliwa. Pikapu ile ndiyo shamba lenyewe, ukitaka kusema kweli.

Injini yake ilikuwa imelia kwa majuma sita. Fundi mmoja alisikiliza kwa dakika moja, akasema beringi zimekufa, lazima injini itolewe na kufunguliwa yote. Mzee alikuwa ameshamchagua mtamba wa kuuza, mtamba mwenyewe akiwa na mimba ya miezi mitano.

"Mwalimu," akaniambia, "nisaidie kusikiliza kabla sijamtoa mnyama zizini."

Tulianza na oili, na wewe anza hapo kila mara, kwa sababu ndilo jambo rahisi tena ndilo la hatari. Simamisha gari mahali tambarare. Ukilisimamisha kwenye mteremko, kipimo kitakudanganya. Zima injini, ngoja dakika chache ili oili iteremke chini, kisha vuta kijiti cha kupimia, ukipanguse, ukirudishe mpaka mwisho, ukivute tena. Oili lazima iwe kati ya alama mbili. Ya mzee ilikuwa chini ya alama ya chini kabisa. Injini ya namna hii hubeba oili mpaka juu kichwani, penye vali, na oili ikipungua, vyuma vya juu hupata njaa, vikaanza kugongana vikiwa vikavu. Tuliongeza oili ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Mlio ukapungua kidogo, lakini haukwisha.

Hapa niseme neno moja kwa wakulima wa nchi za baridi. Kinangop ni juu sana, yapata mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri ya mwezi wa saba unaweza kuona umande mweupe umeganda juu ya majani. Oili nzito kupita kiasi huwa kama uji asubuhi hiyo. Huchukua muda kupanda. Ikiwa injini yako inalia kwa nukta chache tu baada ya kuwashwa kisha inanyamaza, tazama kwanza uzito wa oili, na tazama chujio lake. Chujio zuri huwa na kifuniko kidogo cha mpira ndani kinachozuia oili isirudi chini usiku. Chujio la bei ya kutupa huenda halina.

Na taa nyekundu ya oili ikiwaka injini inapokwenda, zima papo hapo, hata kama uko katikati ya kilima na maziwa yako nyuma. Usiseme nitafika pale mbele.

Baada ya oili tulitaka kujua kama mlio ni wa injini kweli. Usinicheke. Nimewahi kuona gari la ofisi likipelekwa kwa fundi kwa sababu ya jiwe lililokwama katika mashimo ya tairi. Jaribu hivi: simama, ukanyage mafuta gari likiwa halitembei. Mlio ukiendelea, ni wa injini. Ukinyamaza gari likisimama, na ukirudi gari likitembea, tazama magurudumu.

Mlio wa mzee ulikuwa wa injini. Basi nikachukua bisbisi ndefu. Ncha yake huwekwa juu ya chuma, na mpini huwekwa karibu na sikio, mfupa wa mbele yake. Utashangaa jinsi chuma kinavyosema. Weka ncha juu ya kifuniko cha vali, halafu ubavuni mwa injini, halafu chini karibu na bakuli la oili. Pale ambapo mlio una nguvu zaidi ndipo karibu na kwao. Lakini jihadhari na feni na mkanda wake. Vua koti refu, funga mikono ya shati, na akina mama wafunge leso kwa nyuma. Feni haiulizi nani amekuja kuangalia.

Sasa nitakiri kosa langu. Nilisikia mlio juu, karibu na kifuniko cha vali, nikasema kwa sauti ya mwalimu, "Mzee, ni vali, zimelegea." Sikuwa nimesema uongo wote. Katika 22R, vyuma vidogo vinavyoitwa roka husukuma vali zifunguke, na kati ya roka na vali lazima pawe na nafasi ndogo. Nafasi hiyo ikizidi, roka hugonga kabla ya kusukuma, ndiyo ti-ti-ti. Tena kuna hesabu inayosaidia. Kila vali hufunguka mara moja tu injini inapozunguka mara mbili. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika bila kukanyagwa, vali moja iliyolegea hugonga mara 400 kwa dakika, karibu mara saba kwa nukta moja. Huo ni mlio mwepesi, kama mwanamke anayefuma sweta kwa sindano za chuma. Beringi ya chini hugonga kwa sauti nzito na nene, gong'-gong'-gong', nayo huzidi injini ikibeba mzigo. Kwa hesabu hiyo nilijua fundi wa beringi amekosea. Sikujua kwamba na mimi nimekosea.

Tulimpata kijana fundi mwenye kipimo cha vibati vyembamba, akapima vali zote nane injini ikiwa na moto wake wa kawaida. Katika 22R nafasi ya vali ya kuingizia ni milimita 0.20, na ya kutolea moshi ni milimita 0.30. Ni unene wa karatasi mbili za daftari na wa karatasi tatu, ingawa sikuambii utumie karatasi. Ya kutolea hupewa nafasi zaidi kwa sababu hupata moto mkali zaidi, na chuma kikipata moto hurefuka. Vali mbili za mzee zilikuwa zimelegea, zikarekebishwa.

Naomba usome maneno haya mara mbili. Wako mafundi wanaokaza vali kwa sikio, wakizibana mpaka injini inyamaze kabisa, na mwenye gari hufurahi na kulipa. Vali iliyobanwa hailii, ni kweli. Lakini vali hupoza moto wake kwa kukaa sawasawa juu ya kiti chake kila inapofunga. Ikibanwa, haifungi vizuri, moto hupita pembeni yake, na baada ya muda huungua ukingo. Hapo gari hukosa nguvu, huwaka kwa shida, na kichwa cha injini lazima kivuliwe. Afadhali vali inayolia kidogo kuliko vali iliyonyamazishwa kwa kubanwa. Mwambie fundi akuonyeshe kipimo. Asiye nacho asiguse vali zako.

Tukafunga kifuniko, tukawasha. Ti-ti-ti-ti. Ulikuwa umebaki mlio uleule wa kwanza.

Mzee hakusema neno, lakini alitazama upande wa zizi.

Ndipo nikafanya jambo ambalo ningefanya tangu siku ya kwanza kama ningekumbuka kazi yangu ya zamani. Nilimpa mzee daftari la shule, nikamwomba aandike kwa siku tatu: saa ngapi mlio unaanza, injini ikiwa baridi au moto, gari likiwa tupu au na mzigo, kupanda au kuteremka, na jambo lolote jingine, hata kama laonekana halihusu. Yeye akasema mjukuu ataandika, kwa kuwa macho yake ni ya ujana.

Daftari liliporudi lilikuwa na mambo matatu. La kwanza, mlio ulikuwa mkubwa zaidi alfajiri injini ikiwa baridi, na baada ya kilomita chache ulipungua karibu kwisha. La pili, ulirudi gari lilipopanda kilima na maziwa. La tatu liliandikwa kwa hati ya mtoto, chini kabisa ya ukurasa: "Babu ameumwa na kichwa. Mimi nimelala garini tena."

Nikauliza habari ya kulala. Mzee akasema mtoto husinzia kila asubuhi njiani, na mwalimu wake amelalamika kwamba husinzia hata darasani saa ya kwanza. Walidhani ni kwa sababu huamshwa mapema. Vioo vya gari hufungwa kwa ajili ya baridi. Jumamosi na Jumapili, mtoto asipopanda gari, hasinzii.

Ndugu msomaji, nilisimama. Mlio unaozidi injini ikiwa baridi na kupungua ikipata moto ni tabia ya moshi unaovuja mahali bomba la eksozi linapofungwa kwenye kichwa cha injini. Pale pana gasketi, na pana skrubu ndefu zinazoibana. Moja ikikatika au kulegea, kila silinda hiyo inapotoa moshi, moshi hupenya kwenye ufa na kulia ti, tena ti. Chuma kikipata moto hutanuka na kuziba ufa. Ukipanda kilima, nguvu ya moshi huzidi na kuufungua tena. Kwa kuwa silinda moja hutoa moshi mara moja katika mizunguko miwili, hesabu yake ni sawa kabisa na ya vali. Ndiyo sababu sikio langu lilidanganyika.

Na katika moshi huo mna hewa ya sumu, kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Hukaa katika damu mahali pa hewa njema. Kwanza humletea mtu maumivu ya kichwa, kisha usingizi au kichefuchefu, na ikizidi mtu haamki. Mtoto huanza kudhurika kabla ya mtu mzima.

Nilimwambia mzee asimpandishe mtoto ndani ya gari lile mpaka tumalize, na yeye mwenyewe aende na vioo wazi, baridi au hakuna baridi.

Kesho yake saa 11 alfajiri tulikuwa nje penye upepo, injini haijawashwa tangu jana. Safari hii sikuchukua bisbisi. Bisbisi husikia chuma. Moshi unaovuja husikika kwa mpira. Chukua kipande cha mpira wa maji, urefu wa hatua moja, ncha moja karibu na sikio, nyingine uipitishe polepole kando ya gasketi ya eksozi, bila kugusa chuma wala mkanda. Mzee akawasha. Kwenye silinda ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, mlio wa mbali. Ya nne, ile ya nyuma kabisa karibu na ukuta wa kebini, mlio ukanipiga sikioni kama mtu anayetema mbegu. Kijana fundi akakunja kitambaa kinene, akaziba mdomo wa bomba la nyuma kwa nukta mbili tatu tu, na mlio ukazidi mara hiyo, kwa kuwa moshi ulikosa njia nyingine. Tukazima. Kwa tochi tukaona masizi meusi yametapakaa mahali pale, na skrubu moja imekatika, kichwa chake hakipo.

Kilichoponya gari lile ni gasketi mpya, skrubu mpya, na nusu siku ya kijana fundi kutoboa na kutoa kipande cha skrubu kilichobaki ndani. Matundu mawili katika ukuta wa kebini, yaliyokosa mipira yake, tuliyaziba pia, maana sumu haihitaji mlango mkubwa. Mtamba akabaki zizini.

Kabla hujalaumu eksozi yako, kuna mambo mengine yanayolia karibu sawa. Plagi iliyolegea huvuja na kulia vilevile; ikaze kwa mkono wa kiasi. Waya wa plagi uliopasuka huruka cheche kwenye chuma. Tazama usiku, taa zikiwa zimezimwa, utaziona cheche za buluu. Katika 22R kuna mnyororo mbele ya injini unaozungusha vali, nao hushikwa na vipande vya plastiki ambavyo huvunjika kwa uzee. Hapo mnyororo hukwaruza mfuniko wake, hasa wakati wa kuwasha, kama mtu anayetikisa misumari katika mkebe. Usiuache. Ukila mfuniko mpaka penye njia ya maji, maji huingia katika oili, na oili huwa rangi ya chai ya maziwa. Ukiona rangi hiyo kwenye kijiti, usiwashe tena.

Na ule mlio mzito wa chini, gong'-gong'-gong', ukiusikia kweli, fundi wa beringi atakuwa amesema kweli safari hiyo. Gari livutwe. Kilomita kumi zaidi zaweza kulitoboa injini ubavuni.

Wenye magari mapya msitishike bure. Injini nyingi za siku hizi hunyunyiza mafuta kwa vinyunyizio vinavyolia tik-tik kila siku, nayo ni afya yao. Dizeli hugonga kwa asili yake. Nyingine zina vali zinazojirekebisha kwa nguvu ya oili, na hizo hakuna wa kuzipima kwa kibati. Kitabu cha gari kitakuambia.

Mzee anatakiwa kurudi kwa kijana fundi baada ya majuma mawili ili skrubu za eksozi zikazwe tena, kwa maana gasketi mpya hulala kidogo ikipata moto. Daftari bado liko ndani ya gari, na mjukuu amerudi kukaa mbele. Mara ya mwisho kulisoma alikuwa ameandika jina la kila mtu waliyempita njiani kutoka nyumbani hadi lango la shule.